Sahani Juu ya Sahani

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwaeleza watu kitu walichokuwa wakikitazama wenyewe. Unaweza kucheka, mama yangu alicheka nilipomwambia. "Kwani hao watu hawana macho?" aliuliza. Nilikuwa nimesomea historia ya sanaa chuo kikuu, na bosi wangu alikuwa na nyumba ndogo ya sanaa Westlands, vyumba vitatu juu ya duka la mapazia. Kila mchoro uliotundikwa pale ulihitaji karatasi ya maelezo kando yake, na mwandishi wa karatasi hizo alikuwa mimi. Rangi hii ni huzuni, mstari ule ni hasira, dirisha lisilo na kioo ni nchi isiyo na matumaini. Niliziandika kwa Kiingereza kizito, na nikizisoma tena nilijiona mtu.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na maringo ya kutosha watu watatu.

Kwetu ni Kangemi. Kutoka Westlands unafuata Waiyaki Way tu, na ukiamua kutembea unafika kabla viatu havijaanza kukuuma. Lakini mimi nilikuwa nimehama, nimepanga chumba cha uani nyuma ya nyumba ya watu huko huko Westlands, na walioniuliza kazini nimekulia wapi niliwaambia Mountain View. Mountain View ni mtaa wa wenye nazo, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu. Sikuwa nimewahi kuingia geti hata moja la huko.

Mama alikuja Nairobi kutoka magharibi mwa nchi akiwa bibi harusi. Baba alipofariki, yeye alibaki na nyumba ya vyumba viwili, meza yake ya mboga za kienyeji pale sokoni, kaka yangu mkubwa na mimi. Nyumbani tulikuwa na sahani za aina mbili. Zile za kioo zenye maua zilifungiwa kwenye kabati la sebuleni, na hizo zilikuwa za wageni. Mtoto aliyezigusa aliulizwa lini amekuwa mgeni. Sisi wenyewe tulitumia za bati, nyeupe zenye ukingo wa bluu, kila mtu na yake. Yangu niliiangusha nikiwa darasa la pili, rangi ikabanduka pembeni, ikabaki na doa jeusi la ukubwa wa kucha.

Aliyechelewa alifunikiwa. Nadhani nyumba nyingi za mji huu zinaijua sheria hiyo. Chakula cha asiyekuwepo kinapakuliwa kabla wengine hawajaanza kula, kwenye sahani yake mwenyewe, kinafunikwa kwa sahani nyingine iliyopinduliwa, na kinakaa mezani na kijiko chake mpaka mwenyewe aje. Hakuna wa kukigusa. Ukiikuta sahani juu ya sahani unajua kwamba hata ulipokuwa mbali ulikuwa unahesabiwa.

Nilipohama nilikuwa na tabia ya kumpigia kaka simu. "Mwambie Mum nitapita jioni." Nitapita. Ilikuwa rahisi sana kusema. Jioni ikifika nilikuwa nimechoka, au kunanyesha, au wenzangu wanakwenda kunywa kahawa nami sitaki kuachwa nyuma. Mama alikuwa amekwisha kufunika. Asubuhi kaka alikula kiporo changu kwa chai, kisha akaenda zake River Road, ambako alichora mabango: ng'ombe anayetabasamu juu ya mlango wa bucha, kichwa kilichonyolewa nusu kwa ajili ya kinyozi, kuku aliyenona kuliko kuku yeyote wa kweli.

"Wewe endelea tu kukosa kuja," alinitania kwenye simu. "Mimi nanenepa."

Nilicheka. Nilidhani ni utani mtupu.

Jumanne moja saa za chakula cha mchana alipanda ngazi za pale kazini amebeba kitu kikubwa kimefungwa kwa gunia. Hakuwahi kuja pale. Suruali yake ilikuwa na rangi za mabango kuanzia magotini kwenda chini.

"Niaje, madam," alisema. Madam lilikuwa jina lake la kunichokoza tangu nilipopata kazi ya kukaa. "Leo nimeleta kitu. Na si bango."

Akavua gunia, akakiegemeza ukutani.

Hapakuwa na mtu ndani ya mchoro ule. Meza tu, sahani juu ya sahani, kijiko, na taa ya chemni iliyozimwa. Lakini meza ilikuwa nyekundu, wekundu ambao meza yetu haijawahi kuwa nao, kama udongo uliochimbwa leo, na ilikuwa imeinamia mbele mpaka ukaona kila kitu kitateleza kikufikie kifuani. Kivuli cha sahani kilikuwa cha kijani. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa manjano, umekwaruzwa hadi kitambaa kikaonekana. Rangi alikuwa ameipaka nene, mahali pengine kwa vidole, na ukingoni mwa sahani iliyofunika niliziona alama za dole gumba lake. Na kwenye ukingo wa sahani ya chini, doa jeusi la ukubwa wa kucha.

Ningependa kuandika hapa kwamba sikuitambua. Niliitambua kabla hajamaliza kuvua gunia. Na badala ya kulikiri hilo nikakimbilia kuitafutia jina la kisomi. Nikamwambia kaka yangu kwamba mpangilio wake una mvutano.

"Mvutano," alirudia. "Haya."

Kabla hajasema zaidi, bosi alitoka ofisini kwake. Alisimama mbele ya mchoro muda mrefu, mikono kiunoni. Kisha akanieleza mimi, niliyesomea, kwamba huyu ni wa wale wachoraji wasiochora meza jinsi ilivyo. Wanachora jinsi inavyowauma. "Ni nani?" aliuliza.

Kaka alinitazama. Alikuwa anangoja nimtambulishe, na hata tabasamu alikuwa ameshaliandaa. Kwetu kila mtoto hupewa jina la babu au bibi yake, kwa hivyo majina yetu hayafanani hata kidogo, hakuna karatasi ambayo ingenisaliti. Nikamtaja kwa majina yake mawili kamili, kama mtu anayesoma bahasha.

"Ni mchoraji wa River Road," nikasema. "Nimesikia habari zake."

Tabasamu lake lilibaki pale pale, halikuwa na pa kwenda. Akampa bosi mkono. Wakakubaliana kwamba mchoro utaingia kwenye maonyesho ya Jumamosi ya wiki ile iliyofuata. Alipokuwa akishuka ngazi sikumsindikiza, na kwetu hata adui husindikizwa mpaka mlangoni.

Jioni hiyo nilikaa na karatasi yangu. Nilijua vizuri wageni wa bosi walipenda nini. Walipenda mateso, mradi yawe yametundikwa. Basi nikayatafuta. Wekundu wa meza niliuita damu ya wananchi. Sahani iliyopinduliwa ikawa mdomo uliozibwa, na taa iliyozimwa ikawa ahadi za wanasiasa. Kijiko kisicho na kazi ni mfanyakazi asiye na ajira. Hilo lilinifurahisha sana, nikalipigia mstari. Lile doa jeusi, lililotokana na mimi kukimbia na sahani mkononi ili nimwonyeshe Mama alama zangu za hesabu, nililiita jeraha la historia. Kaka hakuwa ameupa mchoro jina. Nikaupa mimi: Njaa.

Ajabu ni kwamba nilipomaliza nililala vizuri.

Pale kazini palikuwa na mama mmoja aliyefagia na kutupikia chai, mtu wa magharibi kama sisi, wa umri wa mama yangu. Kwa kawaida alipita kando ya michoro kama mtu anayepita kando ya magari yaliyoegeshwa. Lakini siku mbili kabla ya maonyesho nilimkuta amesimama mbele ya ile meza nyekundu, ndoo mkononi, anatikisa kichwa.

"Huyu mtoto amechelewa wapi?" alisema.

Bosi alikuwa karibu. "Mtoto gani, Mama?"

"Mwenye chakula. Si unaona amefunikiwa? Wamemngoja mpaka wakazima taa wakalala. Na kijiko wamemwekea." Akasogea akaikaribia. "Na huyu mwenye kufunika amekasirika, lakini hasemi."

Bosi alinigeukia, uso umefunguka. "Hiyo inawezekana?"

Angekuwa mtu mwingine na ubongo mwingine angesema ndiyo. Ilikuwa ndiyo toka mwanzo hadi mwisho. Mama yule alikuwa ameusoma mchoro wote kwa pumzi moja, bila shahada, na hakukosea hata kijiko. Mimi niliona kitu kimoja tu: kwamba mtu wa ndoo ananinyang'anya kazi yangu mbele ya bosi.

"Hiyo ni tafsiri ya juu juu," nikasema. Kisha nikamgeukia. "Na chai iko wapi leo?"

"Pole, madam," akasema, akachukua ndoo yake. Ningekuwa nyumbani nikamjibu mwanamke wa rika lile hivyo, Mama angenipiga kofi mbele ya watu, na watu wangemshukuru.

Jumamosi saa tisa alasiri wageni walianza kufika. Kaka alikuja amevaa koti la marehemu baba, lililomzidi mabega, na viatu amevipiga rangi mpaka vikang'aa kupita kiasi. Alisimama karibu na mchoro wake kama mtu anayelinda baiskeli ya mwenzake. Hakugusa sambusa wala divai. Kila nilipopita na sinia langu la vipeperushi nilijifanya nina haraka.

Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia ya makuti, alisoma karatasi yangu yote, akairudia. Kisha akamwuliza kaka kwa Kiswahili cha polepole, cha mtu aliyejifunza ukubwani, "Tafadhali, kuna nini chini ya hii sahani?"

Watu kama wanane waligeuka wasikilize. Bosi naye. Kaka alifungua mdomo, kisha akanitazama mimi. Leo nikikumbuka naona alikuwa ananipa nafasi. Angeweza kujibu mwenyewe. Alijua jibu, alikuwa amelila jibu lenyewe na chai asubuhi ngapi sijui. Lakini chakula kilikuwa changu, na kwetu hakuna anayekufunulia sahani yako.

"Hakuna kitu," nikasema. Nilisema haraka, na kwa sauti ya kufundisha. "Ni tupu. Hiyo ndiyo maana yenyewe."

Mzee alishusha pumzi akasema ah. Wengine pia. Kisha akamgeukia kaka, kwa heshima kabisa, ili apate kuthibitisha.

"Huyo madam amesema," kaka alijibu. "Yeye ndiye amesomea."

Mchoro ulinunuliwa kabla sambusa hazijaisha. Bosi alinikumbatia. Nilipomtafuta kaka, mama wa chai aliniambia ameondoka kitambo, amemwachia salamu. Yeye mama wa chai, si mimi.

Wiki ile nilimpigia simu kila siku, hakushika. Nilianza kumwandikia ujumbe kwamba nitapita, na kwa mara ya kwanza nilipoliandika neno lile nililionea haya. Nilifuta. Jumapili nikaamka, nikavaa, nikaenda.

Njiani niliingia dukani nikanunua mkate, sukari na majani ya chai. Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo nilipotazama mikono yangu nikaona nilichobeba. Hivyo ndivyo vitu watu hubeba wakienda kwa watu.

Mama alikuwa ametoka kanisani, bado ana kitambaa chake cheupe kichwani. Kupitia dirisha la nyuma nilimwona kaka uani, ameinamia ubao wa bango, amenipa mgongo. Mama alipokea mfuko kwa mikono miwili.

"Karibu, mama," alinikaribisha. Tangu utotoni huniita hivyo. "Asante kwa kututembelea."

Nikakaa. Meza ilikuwa ile ile, ya mbao ya kahawia, kitambaa cha kufuma katikati. Haikuwa na kitu juu yake. Tukaulizana habari za kanisa, za soko, za mvua. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Ile picha ya meza yangu. Iliendaje?"

"Ilinunuliwa, Mama."

"Kaka yako aliniambia. Nikamwuliza, hao watu walisema nini juu ya chakula yangu? Akaniambia walisema ndani hakuna kitu. Nikamwuliza ni nani alisema. Akakosa kujibu. Na wewe unajua huyo kijana vile anapenda kuongea."

Nilikuwa na maneno mengi kichwani: kwamba sanaa ina ngazi nyingi za maana, kwamba mchoro ukishatoka mkononi mwa mchoraji si wake peke yake. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ningeweza kulisema ndani ya nyumba ile.

"Ulifunua?" Mama aliuliza.

"Ilikuwa picha, Mama."

"Najua ni picha. Nauliza, ulifunua?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje?"

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Hiyo siku kaka yako alianza kuchora, nilikuwa nimepika mrenda na samaki. Ulikuwa umesema utapita. Nilikuwekea kipande ya katikati, ile huwa unapenda, yenye haina mifupa mingi. Ilikuwa imejaa, mama. Nikafunika vizuri. Mimi nimelala njaa mara nyingi hapa Nairobi, sitakudanganya. Lakini nyinyi? Kuna siku mlilala njaa kwangu?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama. Ni mimi nilisema. Nilijua ni sahani yangu, na nikasema."

"Najua," alisema. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu anachokijua tayari. Nilianza kulia, na nililia vibaya, kwa kelele, na yeye hakuja kunishika wala hakuniambia ninyamaze. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, na mimi niliwahi kuueleza msemo huo kwenye karatasi moja ya kule kazini, kwa Kiingereza, bila kuona unamsema nani.

Nilipotulia niliuliza kama kuna chakula. Sikuwa na njaa. Nilitaka tu kuishika sahani ile, niioshe mwenyewe, nile chochote kilichokuwepo, hata kiporo, hata ugali mkavu. Niliinuka nikaenda jikoni mahali zinapokaa. Niliikuta ya Mama, niliikuta ya kaka.

"Yangu iko wapi?"

Mama alinyoosha kidole dirishani. Kule uani, kando ya goti la kaka, ilikuwa chini kwenye saruji. Ilikuwa na rangi nyekundu iliyoganda katikati, na manjano, na kijani pembeni, na brashi mbili zimelala juu yake. Doa langu jeusi lilionekana bado, upande mmoja ambao rangi haikuufikia.

"Alitaka kitu ya kukorogea rangi," Mama alisema. "Nikampa hiyo. Ilikuwa inakaa tu."

Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni, akaenda sebuleni. Nilimsikia akifungua kabati. Alirudi na sahani ya kioo yenye maua, akaipuliza vumbi, akaifuta kwa pindo la leso, akapakua ugali na kunde, akaiweka mbele yangu na uma kando. Kisha akaja na birika la maji ya uvuguvugu na beseni. Sisi watoto wa nyumba ile hunawa wenyewe, nje, kwenye mfereji. Nilinyoosha mikono kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, naye akanimiminia maji, taratibu, bila kumwaga tone sakafuni, kama alivyowamiminia wageni wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile.

"Karibu," alisema. "Jisikie uko nyumbani."